Mistari Mitatu

Wilaya imetuma fomu, karatasi moja pande mbili.
Jina la kijiji: Viambazani. Hilo nilijaza upesi.
Mwaka wa kuanzishwa: nikaacha wazi.
Historia na urithi, kwa ufupi:
wametuchorea mistari mitatu.

Mimi karani tu wa sheha.
Kalamu yangu imezoea vyeti vya kuzaliwa
na ugomvi wa mipaka ya mihogo.
Nikaitia fomu kwapani,
nikatoka kuwauliza wenyewe.

Ngwali Faki alikuwa akianika karafuu, hakuinua kichwa:
“Andika tulitoka Shirazi. Majahazi saba.”
“Jana yalikuwa matano,” akadakia mkewe kutoka ndani.
“Basi andika Pakacha, ng’ombe wetu wa mchezo,
aliyemrusha mtu wa Chwale juu ya mkarafuu,
mtu akashuka na pishi mbili.”

Msikitini, ukutani mwa kibla, mna mashimo matano ya duara.
Zilikuwemo bakuli za kaure.
Moja alikwenda nayo Mzungu aliyekuja kupima barabara,
barabara haikuja.
Moja tuliivunja wenyewe kwa mpira wa makaratasi
(mpigaji ninamjua, ndiye anayeandika).
Tatu hazina maelezo.

Nyumba ya ghorofa imebaki ngazi.
Mwaka ule wa eka tatu wenyewe walifunga milango,
wakachukua funguo, wakaenda nazo Maskati.
Milango ikaliwa na mchwa, paa likafuata.
Funguo, nadhani, zingali nzima.
Siku hizi watoto huipanda ile ngazi isiyofika popote,
anayetangulia juu ndiye bwana shamba,
na wa chini humchumia majani.

Time binti Shaame alikuwa akisuka ukili.
Nikamsomea niliyoyapata: Shirazi, majahazi, kaure.
Akasikiliza mpaka mwisho.
“Mie bibi yangu hakuja,” akasema.
“Aliletwa.”
Akavuta ukili, akaukaza kwa meno.
“Waliokuja wamelala kule kwenye mawe yenye maandishi.
Walioletwa wamo humu, chini ya mihogo,
ndiyo maana kona ile hatulimi.
Nawe miaka yote unatuandikia kesi ya mpaka,
hujauliza kwa nini kona haina mwenyewe.
Haya, hilo nalo lina mstari?”

Sikumjibu. Nilikwenda kisimani.

Tangu bomba lifike hakuna atekaye.
Jiwe la mdomo lina mifereji iliyochimbwa na kamba,
nimeihesabu mara mbili: thelathini na moja.
Kamba ya usumba, kitu cha kusugulia sufuria,
ikakata jiwe.
Upande wa kaskazini mifereji inaingia kidole.
Upande wa kusini niliutia mkono
ukazama mpaka kwenye kifundo,
huko waliteka wale waliowatekea wengine.
Ndani ya mfereji jiwe ni laini kama shavu,
na lina baridi.
Nikauacha mkono humo kwa muda
mpaka mtoto mmoja akaniuliza nimepoteza nini.

Usiku nikaandika. Nilijaza mistari yao mitatu,
nikapita pembeni, nikageuza, nikapanda mpaka juu ya nembo.
Wiki ya tatu fomu ikarudi kutoka Wete,
na wino mwekundu: Umezidisha. Jaza upya.

Nimejaza upya:

Kijiji kipo.
Wako waliokuja, wako walioletwa.
Kisima kina mifereji thelathini na mmoja.

Sheha akasoma, akasema hapo mwisho pana kosa, ni “moja”.
Nikasahihisha.
Mwaka wa kuanzishwa nimeuacha wazi tena.
Nikapiga muhuri, ukakaa mshazari,
maana meza yetu ina mguu mmoja mfupi.